Kichwa Sentimita Hamsini na Mbili

Julai 14, Jumatatu

Shule zimefungwa Ijumaa tu na tayari nimepewa kazi. Pia nimepewa daftari hili. Si daftari la kuandikia habari za mtu, ni la vipimo: kila ukurasa umegawanywa Jina, Kichwa, Kifua, Kiuno, Urefu, kwa sababu sisi tunashona sare za shule pamoja na kofia zake. Mchapaji amelikosea, kurasa nyingine ziko kichwa chini, kwa hiyo Mama halitaki. Mimi sina makuu. Nitaandika juu ya mistari kana kwamba haipo.

Watu wa humu ni hawa. Mama, mwenye duka, ambaye mguu wake hautoki kwenye cherehani. Shangazi, dada yake Baba, anayepiga pasi huku redio ikimwimbia. Milimita, mkataji wetu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hujisifu kwamba tangu azaliwe hajakosea hata milimita moja. Kitufe, mdogo wangu, miaka sita, ambaye hakosi kupotea na hupatikana chini ya meza kila mara. Baba yuko safarini na lori, atarudi shule zikikaribia kufunguliwa. Na mimi, miaka kumi na mbili na nusu, natoa nyuzi, nashona vifungo na kuandika vipimo.

Mvua imenyesha mchana. Vitambaa vinanuka unyevu.

Julai 15, Jumanne

Jumanne ni siku ya daktari wa redioni. Shangazi haruhusu mtu kukohoa kipindi kikianza. Wiki iliyopita ilikuwa figo, na nilikuwa nayo mpaka Ijumaa. Leo ni ini. Nimeangalia macho yangu kwenye kioo cha wateja mara sita kama yamekuwa ya manjano. Mara ya sita Milimita akaniuliza nimepata mchumba au vipi.

Julai 16, Jumatano

Vifungo mia na ishirini. Ini zima.

Julai 17, Alhamisi

Nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Leo saa kumi, nikitoa nyuzi kwenye sketi, mambo yalienda mbali tena. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Nilikuwa nimemwangalia Mama kwenye cherehani, mara cherehani ikaanza kuwa ndogo. Haikusogea. Ilikuwa palepale, hatua tatu kutoka kwangu, lakini ndogo kama kibiriti, na Mama mdogo nyuma yake akishona kitambaa cha ukubwa wa stempu. Nilisikia kila kitu, redio, mvua, Shangazi akimsema Kitufe. Mikono yangu nayo nikahisi imekuwa minene kama mito ya kulalia, ingawa nikiiangalia ni ileile. Nilihesabu mpaka mia mbili na kumi, ndipo duka likarudi ukubwa wake.

Jambo hili nimelipa jina: Udogo. Nilidhani nikilipa jina nitaliogopa kidogo. Sivyo.

Mtu mwenye akili timamu haoni mama yake akitosha kwenye kibiriti. Ama kichwa changu kina ugonjwa, ama nimeanza kuwa kichaa. Sijui nichague lipi.

Julai 18, Ijumaa

Nimepata wazo. Kama kuna kitu kinakua ndani ya kichwa, basi kichwa lazima kivimbe, na sisi ni watu wa kupima vichwa. Asubuhi, duka likiwa halijafunguliwa, nilichukua tepu ya Mama pale msumarini, ile ya zamani ya kitambaa ambayo Mama huning'iniza mkasi mkubwa kwenye ncha yake ili visipotee vyote viwili. Nikajipima juu ya nyusi, kama tunavyopima wateja.

Kichwa: 52.

Julai 19, Jumamosi

Kichwa: 52. Alhamdulillahi.

Julai 20, Jumapili

52. Nilipima tena jioni, 52. Nilipima tena kabla ya kula, kwa sababu ya jioni nilikuwa nimebana nywele.

Julai 21, Jumatatu

52, 52, 52. Milimita anasema tepu siku hizi haikai msumarini, ina miguu.

Julai 23, Jumatano

52. Mapigo ya moyo 88, lakini nilikuwa nimetoka kupanda ngazi ya rafu. Nikapumzika nikapima tena, 91. Nadhani yanapanda kwa sababu nayapima.

Mama leo alisimamisha cherehani katikati ya ukosi, akaweka kiganja chake bapa juu ya meza, akakaa hivyo kama dakika tatu akiangalia mbele. Huwa anafanya hivyo mara mojamoja. Milimita husema, "Msimsemeshe dada, anahesabu." Shangazi husema anaomba dua. Mimi sijui. Kisha akaondoa kiganja, mashine ikaendelea.

Julai 26, Jumamosi

Leo ndiyo siku ya vipimo vya ile shule kubwa yenye kofia za ukingo. Watoto arobaini kwa foleni, na mama zao, na mvua juu yao wote. Mama anapima na ile tepu yake, anaita namba kama mnadi, mimi naandika. Kuna mtoto alikuwa anacheka kila akiguswa shingo, akamwambukiza aliyemfuata, mpaka foleni nzima ikawa inacheka kabla ya kuguswa. Mama mmoja alitaka mwanawe apimwe "pamoja na atakavyokuwa mwakani". Mama akamjibu, "Mimi fundi, si mtabiri."

Nilikuwa na furaha mpaka jioni. Kisha Shangazi, akimsema Kitufe aliyeficha kidole alichojikata, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Hakuwa ananisema mimi. Kitufe alikuwa na mchubuko wa ukubwa wa punje ya mchele. Lakini chakula changu nikamwachia Kitufe.

Kichwa: 52.

Julai 29, Jumanne

Redio: kisukari. Nimekunywa maji glasi mbili tu siku nzima ili nisije nikaonekana nina kiu. Jioni nikawa na kiu kweli, nikalia kidogo bafuni, nikanywa jagi zima, nikacheka mwenyewe. 52.

Julai 31, Alhamisi

Kitufe na mwenzake wa jirani wamevutana kamba kwa tepu ya Mama. Imekatika. Mama aliwakimbiza mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Amenunua tepu mpya, ya njano, inateleza kama nyoka. Tepu ya zamani Kitufe ameifunga kiunoni, anasema ni mkia wake.

Asubuhi kabla ya vita, 52.

Agosti 1, Ijumaa

53 na nusu.

Nimeandika namba hiyo kwanza kwa sababu nilitaka iishe. Nilipima mara tisa. Nilifumua nywele. Niliinamisha kichwa, nikakiinua, nikashusha pumzi yote. 53 na nusu. Kwa siku moja! Kichwa ambacho kimekaa 52 wiki mbili kimeongezeka sentimita moja na nusu katika usiku mmoja.

Siku nzima nimeshona vifungo upande usio wake. Mama akaniambia, "Mwanangu, shati hili mtu atalivaa akiwa ameangalia nyuma?" Nilitamani nimwambie palepale. Lakini kulikuwa na wateja watatu, na Mama ana usemi wake: hakuna homa inayoishinda kazi. Aliwahi kushona sare kumi na mbili akiwa na malaria. Nitamwambia nini mtu wa namna hiyo? Kwamba nimejipima kichwa?

Agosti 2, Jumamosi

53 na nusu. Shingo inauma, nadhani kwa uzito.

Agosti 3, Jumapili

Nimeandika wosia. Sanduku langu la vifungo vya ajabu apewe Kitufe, ila kile cha umbo la samaki apewe Shangazi. Rula apewe Milimita. Daftari hili lichomwe. Kisha nikamwita Kitufe nimpe kabisa vifungo mkononi, niuone uso wake nikiwa hai. Akavipokea, akaniangalia, akauliza, "Umevunja nini?"

Agosti 5, Jumanne

Redio: ubongo. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Shangazi akanifuata na mwavuli. "We binti, una nini siku hizi? Huli, huchezi, unajishika kichwa kama aliyesahau jambo." Nikasema sina kitu. Akaniangalia sana, akaniachia mwavuli, akarudi ndani. Redio ikanyamaza. Sikuwahi kumwona Shangazi akizima kipindi kile katikati.

Agosti 6, Jumatano

Udogo umekuja tena, saa tisa. Safari hii Milimita alikuwa mdogo kama pini akikata kofia za ile shule kubwa. Alikuwa ananisimulia jinsi alivyomshinda mkataji mmoja katika mashindano ya kukata mashati wakiwa wamefumba macho, habari ambayo kila mwaka inaongezewa shati moja. Sauti yake ilikuwa kubwa kama kawaida ikitoka kwa mtu wa ukubwa wa pini. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Nikaendelea kutoa nyuzi.

53 na nusu.

Agosti 9, Jumamosi

Kofia zote arobaini zimekatwa. Mama anashona, Shangazi anazikausha kwa pasi. 53 na nusu, 53 na nusu, 53 na nusu. Angalau haziongezeki.

Agosti 16, Jumamosi

Balaa. Naandika nikiwa chini ya meza ya kukatia, kwa Kitufe, kwa sababu ndipo mahali pekee penye amani.

Watoto walikuja asubuhi kuchukua kofia. Wa kwanza akavaa. Kofia ikakaa juu ya utosi kama kifuniko cha chupa. Mama akasema, "Vuta kidogo." Mama mtu akavuta, mtoto akapiga kelele. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu akatembea hatua mbili, kofia ikaruka. Yule mchekaji wa shingo alipoona akaanza kucheka, na foleni nzima nayo. Kofia arobaini, hakuna hata moja iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

Hapo nitakiri kitu cha aibu. Wote walipokuwa wanacheka, mimi nilipata baridi. Nilifikiri: vichwa vyao vimevimba. Niliwagusa wote siku ile ya vipimo, nikiwapanga foleni. Ugonjwa wangu unaambukiza, na nimeambukiza shule nzima.

Mwalimu mkuu akaletewa habari, akafika mwenyewe. Mwanamke mpole, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Fundi, shule inafunguliwa tarehe moja. Nataka kofia zinazoingia vichwani." Akaondoka.

Mama akafungua daftari la oda, akaweka kofia moja kando yake. "Milimita. Hapa pameandikwa hamsini na mbili."

"Nami nimekata hamsini na mbili, na nafasi ya mshono juu yake," Milimita akasema.

"Basi vichwa vya watoto vimekua wiki tatu hizi?"

"Dada, mimi na mkasi huu tuna miaka kumi na tisa."

"Na akili yako iko wapi siku hizi? Tangu umeanza kumfuata yule dada wa vitafunio, unakata huku unatabasamu. Mapenzi yamekupofusha, umenikatia kofia za paka!"

Shangazi akasema, "Wifi, taratibu." Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Milimita alikunja aproni yake mara nne, pembe kwa pembe, akaiweka mezani. Akafunga mkasi wake kwenye kitambaa. Alikuwa na machozi, na sikuwahi kumwona hivyo.

"Nitukane mimi," akasema, "lakini mkasi wangu usiutukane." Akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mama alikaa. Mashine haikusikika tena mpaka magharibi.

Agosti 17, Jumapili

Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Asubuhi nilimvalisha Kitufe mojawapo ya zile kofia za kifuniko cha chupa ili acheke, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imenuna. Kipimo chake nakikumbuka, Mama alimpima siku ileile ya foleni kwa mfano: 50. Nikachukua tepu ya njano nikampima. 51 na nusu.

Sentimita moja na nusu, kama mimi.

Nikasimama. Mimi nimeongezeka moja na nusu. Kitufe moja na nusu. Kofia arobaini zote zimepungua kiasi hichohicho, si huyu sana na yule kidogo. Ugonjwa gani huo unaopima kabla ya kuingia?

Nikamwambia Kitufe, "Nipe mkia wako."

"Kwa bei gani?"

Nikamwahidi zamu yangu ya kukaa mbele kwenye lori la Baba. Akaufungua kiunoni. Nikatandaza tepu ya zamani juu ya meza, nikaunganisha pale ilipokatika, nikalaza ya njano pembeni yake, mwanzo kwa mwanzo. Hamsini na mbili ya zamani ilikuwa imelala sawasawa kwenye hamsini na tatu na nusu ya mpya.

Tepu ilikuwa imevutika. Miaka yote ile ya kubeba mkasi mkubwa msumarini! Na hatukujua, kwa sababu tulikuwa tunapima kwayo na kukata kwayo, kosa linajirekebisha lenyewe. Mpaka tulipopima watoto kwa ya zamani na kukata kofia kwa mpya.

Nilimkimbilia Mama jikoni. Akaja, akaangalia, akashika kiuno. Kisha akatikisa kichwa.

"Hawa wamevutana kamba nayo, mwanangu. Siku hiyo ndipo ilipovutika. Watoto nilishawapima zamani."

"Hapana, Mama. Ilikuwa imevutika tangu mwanzo."

"Utajuaje?"

Nilijua vizuri sana. Nilikuwa na ushahidi wa wiki mbili, umeandikwa kwa wino. Ili Milimita arudi ilikuwa lazima niufungue. Na nikiufungua, Mama atajua yote. Nilisimama pale mpaka maharage yakaanza kuungua jikoni.

Nikaenda kuleta daftari hili. Nikamfungulia kurasa zangu. "Angalia tarehe. Kichwa hiki hapa ni kimoja. Kuanzia kumi na nane Julai mpaka thelathini na moja, asubuhi kabla hawajaikata: hamsini na mbili. Kesho yake, tepu mpya: hamsini na tatu na nusu. Kwa hiyo ilikuwa inadanganya kabla hawajaigusa. Milimita hakukosea."

Mama akasoma. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nilimwona akifika kwenye wosia. Alipoinua uso hakuuliza habari za tepu.

"Kwa nini ulikuwa unajipima kichwa?"

Hapo nililia. Nililia kama bomba lililopasuka, nikasema yote bila mpangilio, figo, ini, Udogo, kibiriti, kwamba sitaki kuwa kichaa, kwamba sitaki kufa kabla Baba hajarudi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona Mama anaacha chungu kikiungua bila kukigeukia. Akanivuta kifuani.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano umebeba haya peke yako, na mimi niko hatua tatu kutoka kwako."

"Ulikuwa na kazi."

"Kazi!" akasema, kama neno la aibu.

Kisha akaniangalia kwa namna ya ajabu, kama mtu anayetaka kuuliza kitu akajizuia. Akasema tu kwamba Jumanne tunaenda kwa daktari, na si yule wa redioni.

Jioni akavaa kanga yake nzuri, akaenda kwa Milimita kwa miguu, na tepu mbili mkononi.

Agosti 18, Jumatatu

Milimita amerudi. Ametaka aombwe radhi mara ya pili, mbele ya watu wote wa dukani, na mkasi nao uombwe. Mama akauomba. Shangazi alicheka mpaka akaunguza ukosi.

Agosti 19, Jumanne

Kituo cha afya. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu kwenye nywele. Mama aliweka daftari langu mezani kwake kama mtu anayeleta hati ya kiwanja.

Daktari alinimulika macho, akanigonga magoti kwa kinyundo, akanitembeza juu ya mstari wa sakafu, akaniambia nifumbe macho niguse pua. Aliuliza kama huwa naumwa kichwa, kama nimewahi kuanguka au kuzimia, kama nasikia watu wasiokuwepo, kama nalala vizuri. Kisha akaniomba nimweleze Udogo. Nilieleza. Sikuangalia uso wake, niliangalia kalamu.

"Unafahamika," akasema. "Hujaubuni wewe. Huwapata watoto wengi kuliko unavyodhani, wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa wataitwa vichaa. Macho yako mazima, ni ubongo unaokosea vipimo kwa dakika chache, kisha unajirekebisha. Kwa wengi huisha wakikua. Nitakupeleka ukapimwe macho, na ukipata maumivu makali ya kichwa au ukazimia, uje siku hiyohiyo. Lakini huna dalili ya ukichaa."

Nilitaka anirudie sentensi ile ya mwisho. Akanirudia bila kuombwa.

"Mara nyingi hurithiwa kwenye ukoo," akaongeza, akiandika. "Pamoja na kipandauso. Kuna mwingine nyumbani anayeona vitu vikiwa vidogo?"

Nikasema hapana.

Mama akakohoa. "Daktari, samahani. Kwani si kila mtu?"

Kalamu ikasimama.

"Kila mtu nini, mama?"

"Mashine kwenda mbali. Mkono kuwa mnene." Mama alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, mimi na daktari. "Mimi tangu nikiwa na miaka minane. Nilidhani watu wote huona hivyo, ila hakuna anayelizungumza, kama njaa ya saa nne. Nikishona nikaona imekuja, naweka mkono mezani, meza inaniambia iko wapi. Ikiisha naendelea."

Kiganja! Kile kiganja bapa juu ya meza! Miaka yote Milimita anadhani anahesabu.

Sikuweza kujizuia. Nilianza kucheka, Mama naye, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Mama alikuwa anacheka na kufuta machozi. "Miaka thelathini," akasema, "na leo ndiyo naambiwa ina daktari wake!"

Hilo likaisha, daktari akageukia kurasa za kichwa. Huko hakucheka. Akasema Udogo ni mgeni wa dakika tatu, lakini huku kujipima kumekula likizo yangu yote, na huko ndiko anakotaka kunisaidia. Sharti lake: nikitaka kupima, nisipime. Niandike saa, kisha nifanye kitu kingine kwa robo saa. Wasiwasi utapanda, utafika juu, utashuka wenyewe. Nirudi kwake kila baada ya wiki mbili. Kipindi cha redio, mapumziko.

Njiani Mama akasema wasiwasi ni kama mteja asiye na oda. Ukimpa kiti, atashinda dukani.

Agosti 20, Jumatano

Saa 1:10 nataka kupima. Vifungo. Saa 1:25 bado nataka. Vifungo. Saa 1:40 nimesahau kidogo. Saa 2:05, saa 3:30, saa 5, saa 9. Daktari hakusema kwamba inachosha.

Agosti 21, Alhamisi

Nimetaka kupima mara saba. Milimita anafumua kofia nyuma na kutia kipande chenye ukubwa wa vidole viwili. Kwa watoto wa mwakani, anasema, kipande hicho kitakuwa fasheni.

Agosti 22, Ijumaa

Mara sita. Udogo saa kumi. Niliogopa, lakini niliweka kiganja mezani. Mbao zilikuwa baridi na ngumu na za ukubwa wake. Nilihesabu mia moja na tisini tu.

Agosti 25, Jumatatu

Nimeanguka. Nilijipima, kwa siri, nyuma ya pazia la wateja. 53 na nusu. Kisha nikamwambia Mama mwenyewe, nikidhani atanigombeza. Akasema, "Haya. Mtu akikosea mshono hachomi shati." Akanipa kazi ya pindo.

Agosti 26, Jumanne

Mara tatu. Shangazi amehamia kwenye kipindi cha kilimo. Leo ilikuwa ugonjwa wa nyanya, na sina hata dalili moja.

Agosti 28, Alhamisi

Kofia zimechukuliwa. Arobaini zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mwalimu mkuu alivaa moja ya ziada, akajiangalia kwenye kioo, akaondoka nayo.

Baba amerudi. Kitufe amedai kiti chake cha mbele.

Agosti 30, Jumamosi

Shule kesho kutwa. Nimemwomba Kitufe anirudishie vifungo vyangu maana sifi tena. Amekataa, anasema wosia ni wosia. Amenirudishia kile cha samaki, ambacho hata hakikuwa chake.

Mchana walikuja wale wanaochelewa kila mwaka. Mama alikuwa na ukosi kwenye sindano, Milimita ana kitambaa mezani, kwa hiyo Mama akasema, "Pima wewe." Mimi! Nikaivaa tepu ya njano shingoni. Mkasi siku hizi una msumari wake.

Msichana wa kwanza alikuwa na miaka kama saba, amekaza macho kama anasubiri sindano. Nilipozungusha tepu kichwani mwake, duka likaanza kwenda. Milimita akaenda, rafu zikaenda, msichana mwenyewe akawa wa kutosha kwenye kikombe, namba za tepu zikawa kama mayai ya sisimizi. Nilishusha mkono mmoja nikaulaza juu ya meza.

Mama hakuinua mguu kwenye cherehani. Sijui aliniona vipi. "Imefika wapi?" akauliza.

"Wewe uko kwenye kibiriti."

"Kuna nafasi?"

"Umebanana na mashine."

"Basi ngoja, nitatoka."

Yule msichana akaniuliza tunaongea nini. Nikamwambia ni mambo ya mafundi, atulie kidogo. Akatulia. Meza ikakaa ngumu chini ya kiganja, mvua ikaendelea nje, na polepole cherehani ikarudi, na Mama pamoja nayo, ukubwa wake wote.

Nikasoma tepu, nikaandika kwenye safu yake: Kichwa, 51. Cha kwake, si changu.